Rais Aliyesema Ni Jino Tu

Tanga, 4 Februari 2024

Mwanangu Muntazir,

Salaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama una mafua, umejitakia. Mimi na dadako Hawra hatujambo, ila joto linatukaanga.

Umelalamika kwamba sipokei simu ya picha. Siipendi. Nimefundisha historia kwa chaki miaka thelathini na mbili, sitaki uzeeni nianze kuongea na kioo. Ukinitaka, andika.

Unasema unakwenda kazini, ghalani kule Rexdale, Toronto, na jaketi jepesi kwa sababu kituo cha basi kiko karibu. Basi sikiliza kisa. Mwaka 1841 William Henry Harrison alipoapishwa kuwa rais wa Marekani alihutubia karibu saa mbili kwenye baridi, bila koti wala kofia, watu waone kwamba mzee bado ana nguvu. Baada ya mwezi mmoja alikuwa maiti. Madaktari wa leo wanasema huenda ni maji machafu yaliyomuua, si baridi. Hilo halikuhusu. Vaa koti.

Mtihani wako wa leseni ya ufamasia ni Mei 18. Umeshaanguka mara mbili. Safari hii sitaki habari nyingine.

Babako,
Anverali


Toronto, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Koti nimenunua la mtumba, la kike nadhani, lakini linafunga hadi shingoni. Bado naishi na mwenzangu Aleem hapa Dixon Road, ghorofa ya kumi na moja, ndege zinapita juu ya vichwa vyetu kutwa. Nina shahada ya famasia na kazi yangu ni kupanga maboksi ya shampuu. Wenzangu wananiambia kila mtu alianzia hapo. Wengi wao bado wako hapo hapo.

Baba, nataka jibu moja la kweli. Dada Hawra ameniandikia kwamba una saratani ya taya. Anasema unaikimbia simu kwa sababu uso umevimba na maneno hayatoki sawasawa. Anataka nije sasa. Nikija sasa mtihani ndio umekwenda, na sijui kama watanipa nafasi nyingine. Lakini wewe ukisema njoo, naacha kila kitu nije.

Mwanao,
Muntazir


Tanga, 29 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kama ulivyoniacha.

Ni jino tu. Jino la nyuma lilioza, limeng'olewa, uso ukavimba wiki moja. Hawra ameona uvimbe, yeye ameshaona kaburi. Tangu mamako atutoke amechoka kukaa na mzee peke yake, sasa anatafuta wa kumpokea zamu. Mwongo huyo. Usimsikilize. Soma.

Tuje kwenye kisa. Mwaka 1893 Rais Grover Cleveland alipanda boti ya rafiki yake akapotea machoni pa watu siku kadhaa. Uchumi ulikuwa unayumba, nchi nzima inauliza rais yuko wapi. Watu wake wakajibu: amepumzika, meno yanamsumbua kidogo. Mwandishi mmoja wa gazeti akasema si kweli, rais ni mgonjwa. Wakamwita mwongo mpaka hakuna aliyemsadiki tena. Nani alisema kweli? Nitakumalizia ukifaulu. Na sharti letu unalijua tangu darasa la nne: anayechungulia mwisho si mwanangu.

Babako,
Anverali


Toronto, 20 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Alhamdulillahi! Hujui umenitua mzigo gani.

Nimempigia dada Hawra. Nimemwambia aone haya kumzushia mzazi maradhi. Akataka kunitajia dawa zako: "Wewe si mfamasia? Sikiliza majina tu, Muntazir, majina matatu." Sikumpa nafasi. Nimemkataza kuniandikia tena habari za ugonjwa wako, na namba yake nimeifungia. Nina hasira naye, na hasira inanisaidia kusoma.

Kisa sijakichungulia. Nadhani mwandishi alitaka tu kuuza gazeti.

Mwanao,
Muntazir


Toronto, 14 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Miezi mitatu hujaniandikia. Simu ya nyumbani inaita bila kupokelewa. Nimejiambia umeninunia mpaka matokeo yatoke, maana hiyo ndiyo tabia yako.

Basi matokeo haya hapa: nimefaulu! Nilipomwambia Aleem aliangua kilio, nikashangaa, maana si mtu wa machozi. Mwezi wa Mei alinipikia kila siku, na Alhamisi moja akanizuia mlangoni nisiende msikitini kwenye majlis, kisomo chetu cha kila wiki. "Wewe soma, mimi nitakusomea dua." Sikujua kwamba ananipenda kiasi hicho.

Sasa timiza ahadi yako. Rais alikuwa na nini?

Mwanao,
Muntazir


Tanga, 5 Agosti 2024

Muntazir,

Salaam alaikum. Mimi mzima.

Baba alifariki tarehe 2 Mei, siku kumi na sita kabla ya mtihani wako. Ilikuwa saratani ya taya. Alituapisha tusikwambie mpaka ufaulu. Nilipiga simu mwenyewe kwenye msikiti wenu nikawaomba wakufiche. Fatiha yake ilisomwa huko Toronto Alhamisi ile uliyozuiwa mlangoni, na Aleem ndiye aliyegawa chakula. Walijua wote, kasoro wewe. Sisi aliye ugenini hatumwambii msiba, tunasema ni kumhurumia.

Mimi mwiko huo niliuvunja mara moja, nilipokuandikia kwamba anaumwa. Barua iliyoniita mwongo alinipa mimi niipeleke posta, hakuwa na mwingine wa kumtuma. Haikuwa imefungwa. Niliisoma, nikabandika stempu, nikarudi kumpikia uji, maana kutafuna alikuwa hawezi. Barua yako ya Aprili ilifika baada ya mazishi. Hiyo pia niliisoma mimi. Majina matatu tu, Muntazir. Ungeyasikia ungejua.

Mwisho wa kisa chako alikuachia kwenye karatasi. Nakunakilia:

"Rais alikuwa na saratani kinywani. Madaktari walimkata taya la juu kwa siri ndani ya boti, wakamtengenezea kipande cha mpira ili sauti isimsaliti. Mwandishi alisema kweli. Aliishi na jina la mwongo miaka ishirini na minne, mpaka mmoja wa madaktari wale alipofichua. Rais alikuwa keshakufa. Hawra,"

Ameweka mkato baada ya jina langu, na baada ya mkato hakuna kitu. Karatasi hiyo nimekaa nayo wiki kumi na tatu nikiitazama. Sitakutumia. Kisa ni chako, lakini mkato ule ni wangu.

Hongera kwa kufaulu. Ukija kuzuru kaburi, ufunguo wa nyumba uko kwa jirani, Bi Nurjehan. Mimi nimepata kazi Dodoma, naondoka kesho. Usinitafute.

Hawra Anverali