Mashine Isiyonguruma ya Bwana Shee

Baba,

Huku kisiwani Ndau mambo yamegeuka, na naona heri uyasikie kwangu kabla hajakufikia mwengine akakutilia chumvi. Ile mashine ya boti inayokwenda kwa umeme, uliyoicheka ukaiita kinyago cha plastiki, imefika. Tena mwenye nayo ni Bwana Shee, mteja wako wa miaka yote. Usinikasirikie mimi.

Ulikuwa ukikaa karakanani umefumba macho, mashine inasikika mbali, unaniambia, "Huyo ni Shee, na plagi yake chafu." Kijiji kizima kilizoea hivyo: mtu anajulikana kabla hajafika. Sasa sikiliza. Siku ya kwanza Bwana Shee alivyorudi na mashine yake mpya, mkewe, Bi Mwanaesha, alikuwa ufukweni akiwahadithia wanawake jinsi mumewe alivyomkimbia muuguzi mwenye sindano, kikoi kimemporomoka nusu. Akaziigiza na mbio zenyewe. Kugeuka, boti imeshatia nanga nyuma yake bila mngurumo, na Bwana Shee amekaa ndani kashika tama.

"Endelea, Bi Mwanaesha," akasema. "Hujafika pale nilipojificha."

Baba, nilicheka mpaka nikakaa mchangani. Sikuwa nimecheka tangu tukuzike.

Kesho yake wanawake wakaja karakanani wote pamoja: "Itie kengele mashine hiyo, nyumba zitavunjika!" Nikaifunga kengele ya baiskeli. Bwana Shee huipiga kwa hasira mpaka leo.

Kisha wengine nao wakanunua, na karakana ikapooza. Nikakaa siku nyingi bila kufungua hata skrubu, nikikulalamikia wewe kwa sauti mpaka Mama akataka kunitafutia mtu wa kunisomea. Mwishowe nikaenda Amu mjini, kwa fundi mmoja wa mtaa wa Wiyoni, mwanamke mdogo kuliko mimi, anifundishe betri na sola. Nilifika na kopo langu la oili. Akalitazama, akanitazama. "Dada, hilo utalinywa?"

Lipo jambo naona haya kulisema. Pale tulipokuwa tukimwaga oili chafu, wewe na mimi, maji yametakata. Kaa wamerudi mikokoni.

Lakini betri ya kwanza ilipokufa, Bwana Shee aliibeba akaitupe mikokoni huko huko. Nikamzuia ndiani, kabla hajafika.

"Hiyo ni sumu, Bwana Shee."

"Mbona babako alikuwa akitupa vyake?"

Ulikuwa ukitupa kweli, Baba. Nikamwambia, "Na mimi ndiye nilokuwa nikimbebea."

Akaiweka chini taratibu. Nami nikampigia simu muuzaji wa mashine hizo asubuhi na jioni, mpaka akachoka na sauti yangu, akakubali kuzichukua betri mbovu zote, kila boti ya mizigo inapokuja.

Juzi mtu mmoja aliita kutoka ufukweni, "Fundi!" Nikageuka nikutazame uitike. Akaita tena. Nikajikuta nimeitika mimi.

Pumzika, Baba. Mola alitie nuru kaburi lako. Nakuahidi hivi: wakiita, nitaitika.

Mwanao,
Khadija