Kisu cha Baba Chenye Kijiko

Tangazo rasmi kwa watu wote wa nyumba hii: uji uko sufuriani, umeungua. Nimekwenda kusagisha mahindi.

Baba, shikamoo. Nimekasirika. Sokoni nilikwambia tuchukue kisu cha kukunja cha mpini wa mti, chenye bapa moja nene. Wewe ukachagua hiki king'aacho, chenye kijiko na kizibuo. Leo asubuhi mbuzi wa Mama alinaswa shingo na kamba kule mihogoni, na kisu chako kikakataa kufunguka. Kamba nimeikata kwa meno.

~~Kitupe chooni.~~ Usikitupe.

Mbuzi mpeni maji.

Dada Kabibi amesimama nyuma yangu, anasoma. Anasema, "Andika na habari ya gundi."

Haya. Jana nilikitia gundi ili kikuaibishe mbele ya Baba Mdogo. Mbuzi alipotoa ulimi, nililia.

Mama asiisome karatasi hii.

Kitinda mimba wenu