Maembe Uliyoyavalisha Koti

Mpendwa Mama Kendi,

Kesi yako imeisha. Nimetaka uisikie kutoka kwangu, kwa sababu hata ulipokuwa hai habari za sokoni na za mjini nilikuletea mimi.

Unakumbuka ilivyoanza. Nilikuwa nikichukua maembe kwa mama yako kule Kiritiri na kuyapeleka soko la Gakoromone, na mengi yalifika yamelegea. Wewe, mwalimu wa kemia, ulichoka kunisikia nikilalamika. "Nitayavalisha koti," ukasema. Uliyeyusha nta ya nyuki, ukachanganya na gundi ya mgunga, ukapaka. Koti likapasuka. Ukaongeza nta, maembe yakakosa hewa, yakanuka pombe ndani. Nyumba yetu ya Embu ilinuka hivyo mpaka Kendi akakataa kukaa jikoni.

Halafu siku moja ulimwona mama yako akipaka mafuta ya mbarika kwenye mshipi wa ngozi wa kubebea kuni, usije ukakatika. Uliuchukua, ukaukunja na kuukunjua. Tuliporudi nyumbani ulitia matone machache kwenye mchanganyiko wako, ingawa vitabu vyako vilionya kwamba mafuta yangeziba ganda la tunda. Koti likalala vizuri, halikupasuka, na embe likapumua. Ulicheka ukipiga meza: "Kumbe ilikuwa rahisi hivi!"

Neno hilo, Mama Kendi, nusura litumalize.

Ulipopewa hataza, haki ya uvumbuzi kwa jina lako, tulichinja mbuzi. Ulikuwa umeshatuacha wakati kampuni moja ya matunda ilipoipinga. Walisema nta inajulikana, gundi inajulikana, mafuta yanajulikana. Mtaalamu yeyote angeyachanganya, kwa hiyo hukuvumbua kitu. Wangeshinda, jina lako lingefutwa.

Niliitwa kutoa ushahidi mbele ya jopo la waamuzi, nikaapa. Wakili wao, kijana mpole, akaniuliza, "Mzee, siku alipofaulu, marehemu alisema nini?"

Ningeweza kujifanya nimesahau. Lakini wewe hukuwahi kunipitishia uongo, hata wa bei ya viazi. Nikasema ulivyosema.

Akaligeukia jopo. "Mvumbuzi mwenyewe alikiri ilikuwa rahisi."

Niliketi nikiona nimekuuza. Wakili wetu hakunilaumu. Alimsubiri mtaalamu wa kampuni, daktari wa kemia mwenye mvi, akamuuliza kama aliwahi kujaribu nta na gundi.

"Nilijaribu, tena miaka," akajibu. "Ilipasuka kila mara, nikaacha."

"Mafuta ya mbarika uliyajua?"

"Nyanya yangu alinipaka nikiwa mtoto."

"Mbona hukuyatia?"

Mzee akavua miwani. "Tulifundishwa kwamba yataziba. Wazo hilo halikunijia."

Alikuwa shahidi wao, lakini alisema kweli. Tulipotoka nje nilimpa mkono.

Uamuzi umetoka. Kupaka nta na gundi peke yake wamekukatalia. Wamesema hilo lilikuwa wazi kwa mtaalamu yeyote. Ungebisha kidogo, halafu ungekubali. Lakini mchanganyiko wenye mafuta umebaki wako. Wameandika kwamba jambo kuonekana rahisi baada ya kupatikana hakumaanishi lilikuwa rahisi kabla.

Nilidhani ningefurahi kwa kelele. Nimetulia tu. Pale Gakoromone wateja wakiniuliza mbona maembe yangu yanang'aa, nawaambia, "Mke wangu ameyapaka." Nasema "ameyapaka," kana kwamba uko nyuma ya kibanda na sufuria yako, na siwezi kujirekebisha.

Jumapili Kendi alimsomea mama yako uamuzi wote, akimtafsiria kwa Kimbeere sentensi baada ya sentensi. Mama alisikiliza, mikono mapajani. Mwishowe aliuliza jambo moja tu: "Siku zile za kujaribu-jaribu, alikuwa anakula vizuri?"

Nikamwambia ulikula. Akasema basi ni sawa, akaenda kuwafungulia mbuzi. Mimi na Kendi tukabaki tumekaa pale uani. Miaka yote hii tulikuwa tukikutetea. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, tulikulilia tu, polepole, bila kesi katikati yetu.

Pumzika, mwalimu. Sisi tuko.

Wako,
Baba Kendi