Utumbo Mfupi wa Kirukanjia

Morogoro, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepungua kuuma. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia, na sababu ni zile chupa za utumbo ulizonitumia.

Zote tano zilifika salama, spiriti haikumwagika. Vitabu vinasema kwamba kirukanjia, ingawa umbo lake ni kama la panya, kwa kuwa anaishi kwa wadudu, ana utumbo mfupi, mwembamba, usio na kile kifuko cha pembeni ambamo walaji wa nafaka na majani huchachushia chakula. Chupa tatu za kwanza zinakubaliana na vitabu. Mbili za mwisho zinakataa: utumbo ni mrefu, na kifuko kipo, tena kinene. Msimamizi wangu, Dokta Ngeleja, amefurahi kuliko mimi. Anataka niutangaze ugunduzi huu mbele ya jopo litakaloamua kama nahitimu. Kabla sijayaamini macho yangu, naomba uniambie: utumbo wa chupa hizo mbili ulitoka wapi?

Mwanao,
Bertilla

Mwazye, 15 Februari 2024

Mwanangu Bertilla,

Marahaba. Goti limepoa, limeliachia jino zamu. Wote hapa hatujambo.

Huo wa chupa mbili za mwisho ni wa ghalani. Walishiba mahindi yangu mpaka wakashindwa kukimbia. Nafurahi kwamba ndio uliompendeza mwalimu wako, maana jirani yetu Leonsi alikuwa amenitia aibu. Alinikuta nikitumbua, akaniambia, “Mama Bertilla, huo ndio mzigo wa chuo kikuu? Hata paka wangu angekurudishia.” Jumapili baada ya misa nitamsomea barua yako palepale nje ya kanisa, watu wakisikia.

Kula vizuri.

Mama yako

Morogoro, 1 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa jino. Usilivumilie, nenda zahanati.

Jibu lako lilimwinua Dokta Ngeleja kitini. Anasema kirukanjia wa Ufipa ameacha wadudu, amehamia kwenye mahindi, na utumbo wake umemfuata huko. Sura nzima ya tasnifu nimekwisha kuiandika. Ni hoja nzuri. Pengine ni nzuri mno. Sidhani kwamba utumbo hubadilika kwa msimu mmoja wa kushiba, na hoja inayonipendeza haraka hunitia shaka. Basi usinichoke kwa swali moja zaidi: hao wa ghalani walikuwa na pua ndefu iliyochongoka, na ile harufu inayomfanya paka aue kisha asile? Nasimama mbele ya jopo tarehe 22.

Mwanao,
Bertilla

Mwazye, 11 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Jino limeng’olewa, nakula ugali upande mmoja.

Hao wa ghalani hawakuwa na pua ya ajabu. Walikuwa panya.

Virukanjia nilipata watano kama ulivyoagiza, wote niliwaokota kwenye njia ya shambani, wanakofia siku zote. Watatu niliwatumbua, chupa nikazifunga. Nikiwatumbua wawili waliobaki, ndipo akaja Leonsi na maneno yake, nami nikautazama utumbo wao: uzi wa kushonea una afya kuliko ule. Bertilla, miaka yote nimeuza ulezi sokoni, na hajaondoka mtu kwangu bila kilima juu ya debe, na nyongeza juu ya kilima. Leo nipeleke chuo kikuu kipimo pungufu? Wangesema mama yake amekata, nusu amebaki nayo. Nikatumbua panya wawili walionona, nikajaza chupa.

Kama nimekosea, niambie. Ila ujue walikuwa panya wazuri.

Mama yako

Morogoro, 24 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi kwamba jino limekwisha.

Barua yako ilinifikia siku mbili kabla ya jopo. Ingechelewa, ningetangaza panya wawili kuwa fahari ya Ufipa. Ningependa kuamini kwamba shaka yangu ingenizuia, lakini sina hakika. Nilifuta ile sura, nikasimama, nikakiri kwamba ninao virukanjia watatu tu, na kwamba panya wametoka kwa mama. Waliuliza mama alikuwa na nia gani. Nikawasomea maneno yako kuhusu kipimo pungufu. Mwenyekiti alivua miwani akafuta macho.

Wamenipitisha kwa sharti: nilete utumbo wa virukanjia wengine wawili kabla ya Mei, la sivyo nirudie mwaka. Naogopa, Mama, maana hao hawaokotwi kwa kuagizwa. Dokta Ngeleja alinisindikiza mpaka mlangoni. Ndipo akauliza, “Huyo mama, ulezi bado anao?” Anataka debe moja. Nakusihi, safari hii usiongeze kitu.

Mwanao,
Bertilla

Mwazye, 2 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Usiogope.

Ulezi wa mwalimu umepanda basi leo Sumbawanga. Kilima nimekikata kwa kiganja kama ulivyotaka, na mkono umeniuma kuliko lile goti. Nyongeza ya ulezi sikuweka. Lakini ule utumbo wa virukanjia wawili, niliouonea aibu, sikuutupa. Mali ya mtu haitupwi. Uko katika kichupa cha dawa ya kikohozi, ndani ya spiriti yako ileile, katikati ya mfuko.

Mwambie mwalimu asisage kabla hajapekua.

Mama yako