Santuri Iliyoanikwa na Kahawa

Jumamosi, Soweto, Moshi. Mvua inanyesha tangu asubuhi, mlima umejifunika gubigubi, na mimi sina hamu hata ya kufika sokoni.

Leo nimeletewa isale.

Kwa msomaji asiye wa huku: isale ni mmea wa kawaida tu, ndio tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Lakini mtu aliyekukosea akikutumia jani lake, amekuomba msamaha, na kwa Wachagga msamaha wa isale haukataliwi. Unaweza kununa, unaweza kulia, ila kukataa huwezi. Basi nimekaa naliangalia hapa mezani, nimekasirika kwamba sina ruhusa ya kukasirika.

Aliyelituma ni Deo, mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Kama ilivyo desturi, nyumba ya wazazi kule Uru, mlimani, iliangukia kwake. Mama alipofariki, Deo akafanya usafi. Katika usafi huo gramafoni ya baba na santuri zote zilipakiwa kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipopanda kwenye misa ya arobaini nikakuta kabati tupu. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Tangu siku ile sijakanyaga Uru, hata Krismasi, na Mchagga asiyepanda nyumbani Krismasi kila mtu anamuuliza kama anaumwa.

Watu walidhani nalilia vyuma. Nilikuwa nalilia mwaka 1977.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipeleka mizigo Nairobi, na kila safari alirudi na santuri kwapani, imefungwa kwenye koti ili isipate vumbi. Mwaka ule mpaka wa Kenya ukafungwa. Nairobi ikawa mbali kama Ulaya, na mwaka mzima zikaingia nyumbani santuri mpya tatu tu. Ndizo zilizonilea.

Ya kwanza baba aliileta kwenye safari yake ya mwisho: bendi ya Kikongo, magitaa yakipokezana kama watu wasiotaka kuagana. Hatukujua neno la Kilingala. Mimi na Deo tuliimba yote hivyo hivyo, kwa maneno ya kwetu, na nilimfundisha kucheza akiwa amesimama juu ya miguu yangu. Mpaka leo nikisikia gitaa la namna ile, vidole vyangu vinakumbuka uzito wake.

Ya pili ilikuwa ya kwaya. Padre alituazima, kisha akahamishwa parokia, na hakuna aliyejisumbua kukumbuka kumrudishia. Kabla ya hapo nilidhani kuimba ni kufuata sauti ya juu. Santuri ile ilinionyesha kwamba kuna mtu chini kidogo, hasikiki sana, na bila yeye wimbo unaanguka. Nimeimba sauti ya pili maisha yangu yote. Nimewafundisha watoto wa shule kuiimba. Nadhani hata ndoa yangu niliiimba kwa sauti ya pili, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Ya tatu tulipewa na Mama Zarina, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini ambaye mama alikuwa akimpelekea maziwa. Alifunga duka kwenda kwa wanawe ng'ambo, akamwachia mama santuri ya nyimbo za Kihindi. Mwanamke mmoja tu, sauti nyembamba. Mama hakujua Kihindi, na Kiswahili chenyewe alikiongea kwa kusukuma. Lakini wimbo wa pili ulipoanza aliacha alichokuwa anafanya, akasimama mlangoni na mikono imelowa. Sijawahi kumwona mama akiacha kazi kwa ajili ya kitu kingine, hata homa.

Hiyo ndiyo Deo aliyoiharibu.

Alikuwa na miaka saba. Aliona ina vumbi, akaiosha kwa sabuni ya kufulia, akaianika juani kwenye kichanja, katikati ya kahawa. Ni kosa la mtoto wa mkulima wa kahawa: kwetu kitu kikishaoshwa kinaenda kichanjani na kinageuzwageuzwa. Na yeye aliigeuza, tena kwa bidii, kama alivyofundishwa. Jua lilipomaliza kazi, santuri ilikuwa imejikunja kama jani kavu la mgomba. Deo akakimbilia migombani, hakutoka mpaka jioni. Mama hakumpiga. Aliichukua, akaiweka chini ya godoro lake.

"Nitailalia," alimwambia. "Itanyooka."

Kila Jumapili tulikwenda kuichungulia. Haikunyooka. Mimi nikaenda shule ya bweni, Deo akapata mambo yake, tukaisahau. Wimbo wenyewe haukupotea, maana mama aliendelea kuuimba bila maneno, akichuma kahawa, akikamua, mpaka aliposhindwa kuinuka.

Leo mchana wifi yangu Renata, mke wa Deo, amebisha hodi, amelowa chapachapa. Ana kikapu cha ndizi, na bahasha kubwa ya kaki aliyoizungushia nailoni. Juu yake limefungwa jani la isale.

"Shikamoo dada. Deo kasema nisiseme kitu, niache tu, nirudi."

"Marahaba. Na utaweza?"

"Wapi!" Akacheka, kisha akalia. "Tulikuwa tunatoa kitanda cha mama, dada. Ameikuta chini ya godoro, juu ya mbao. Amekaa nayo chini pale pale. Hata chakula hajagusa."

Ndani ya bahasha ilikuwamo santuri ya Mama Zarina.

Tangu aondoke nafikiria magodoro tu. Kulikuwa na lile la sufi la zamani. Likafuata la sponji, nililomnunulia mimi mwenyewe kwa mshahara wa ualimu. Kisha jingine, alipoanza kuugua. Kila godoro lilipobadilishwa, mama aliiona na kuirudisha. Hakutuambia. Gramafoni ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo hata ingenyooka asingeipiga. Alimwahidi mtoto, basi akaendelea kuilalia.

Nimelia kwa sauti, majirani wanisamehe.

Nimeilaza juu ya meza ya kioo na kuinama kuiangalia kwa pembeni. Imenyooka. Umebaki ukingo mmoja tu, unaoinuka kiasi cha kupitisha ukucha.

Krismasi nitapanda Uru. Nimempigia Deo, nikamwambia atafute gramafoni, ile aliyoiuza aitengeneze au nyingine popote, hiyo ni shida yake. Akauliza, kwa sauti ya yule mtoto aliyejificha migombani, "Imenyooka, dada?"

Nimemwambia bado kidogo.

Nimetandika kitanda upya. Mpaka Krismasi, zamu ya kuilalia ni yangu.