Jibu Nililoliandika kwa Jina Lako

Baba Mkubwa,

Ni wiki ya sita tangu tukuzike, na nguo zako bado zipo. Suruali ya ngozi inaning'inia palepale nyuma ya mlango. Jirani wa chini aliniuliza mbona siku hizi gitaa lako kimya. Nilipomwambia umefariki, akasema, "Nikadhani hatimaye amenisikia." Kisha akaomba radhi, akanishika mkono pale ngazini.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya jirani. Nilifanya jambo, na wewe uliondoka bila kulijua.

Macho yalipoanza kukusumbua tulikubaliana kwamba barua zako nitakusomea mimi. Nikirudi nyumbani kwetu Kilburn kutoka kazini nilikukuta jikoni. "Haya karani, posta imeleta nini?" Nilikusomea kila kitu, hata matangazo ya piza, maana hukutaka niruke.

Majira ya baridi ukasikia redioni kwamba wenzako wa bendi wanarudi jukwaani, onyesho moja tu, baada ya miaka yote hiyo. Siku ileile ulizivua nyuzi za gitaa lako la besi ukazichemsha kwenye sufuria yetu ya wali. Ulisema ndivyo mlivyozifufua zamani, mlipozunguka nchi nzima kwa gari bovu na kila usiku ukumbi ulijaa. Nililalamika kwamba wali unanuka chuma. "Kula, upate sauti," ukasema.

Baba Mkubwa, barua ilikuja.

Colin, mwimbaji wenu, aliiandika kwa mkono wake. Alisema uje upige, hata nyimbo mbili, hata ukiwa umekaa kitini. Niliisoma mlangoni nikiwa peke yangu, nikaitia mfukoni. Ulipouliza, nikajibu, "Bado hawajaandika."

Ningependa kusema nilihofia afya yako. Kweli, mikono ilikuwa ikitetemeka. Lakini mkuu wangu wa kazi ana picha ya bendi yenu ukutani, ile mliyopigwa mkiwa vijana, wewe ukiwa na nywele kama mwavuli na viatu vya visigino virefu. Hakujua kwamba yule ni wewe. Tangu niajiriwe sikuwahi kumwambia. Naye alikwisha kununua tiketi ya onyesho. Nikawaza atakavyokuona sasa, nywele umezipaka rangi nyeusi, tumbo limeushinda mkanda, vidole vinakosa nyuzi; na Jumatatu aje kunipa pole mbele ya wenzangu. Niliogopa wakicheka. Niliogopa zaidi wakituonea huruma. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sana.

Basi saa ya chakula cha mchana nikakaa kwenye dawati langu nikamjibu Colin kwa jina lako, kwa Kiingereza kile ulichohangaika kunisomesha. Niliandika kwamba umeweka gitaa chini kwa amani na huna tena kiu ya jukwaa. Wewe! Wewe uliyekuwa ukipiga besi hata kwenye mlango wa friji. Nikatoa nakala nikaihifadhi, kama tunavyofanya ofisini.

Uliendelea kuuliza. Hata hospitalini uliuliza.

Siku ya msiba Colin alikuja Peckham, kwenye ukumbi wa kanisa. Yule aliyekuwa akiimba kifua wazi sasa anatembea na mkongojo, na ana vifaa vya kusikia kwenye masikio yote mawili. Akaomba kuzungumza. Akatoa barua kwenye koti, akaisoma kwa sauti. Nilikuwa nimeshika simu ili Shangazi Roza aone mazishi yako kutoka Morogoro, na kazi yangu ilikuwa kumtafsiria. Kwa hiyo nilitafsiri. Sentensi kwa sentensi, maneno yangu mwenyewe, watu wakilia na kuitikia amina.

Shangazi akasema, "Hebu rudia. Kaka hana kiu ya nini? Mbona mimi aliniambia anawangoja wenzake?"

Nikamjibu, "Labda alibadili mawazo, Shangazi." Jeneza lako lilikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama.

Kisha Colin akanikumbatia. Akasema barua hiyo ataisoma jukwaani Jumamosi hii, watu wote wajue ulivyokuwa muungwana.

Jana nilimpigia Shangazi nikamweleza yote. "Barua unajua sana kuziandika," akasema. "Kwa huyo mzungu usiandike. Nenda kwa miguu yako."

Nimeomba ruhusa ya kesho. Mkuu alipouliza sababu, nilimwonyesha picha ukutani nikasema huyu mwenye besi ni baba yangu mkubwa, nimemzika mwezi uliopita. Aliinuka kwenye kiti. Sikungoja aseme neno.

Nitakwenda na barua ya Colin na ile nakala. Nitamwambia ulingoja, na kwamba hukupata kusikia alivyokuita. Akinifukuza nitaondoka, lakini si kabla sijamaliza. Sikuombi msamaha leo, bado sijarekebisha lolote.

Pumzika, Baba Mkubwa. Jumamosi hawatasoma maneno yangu na kuyaita yako. Hilo nakuahidi.

Mwanao,
Fadhili