Redio ya Kujaribu Imenigomea Kurudi Dukani

Mshauri wangu Mama Lukresia, shikamoo. Nisaidie upesi, moyo unanidunda kwa furaha na hofu pamoja, na mwenye redio anakuja Jumamosi kutaka hela au redio yake!

Mimi ni mama wa Kitura, Mbinga. Mwaka huu wanunuzi binafsi wamepandisha bei ya kahawa mpaka hatukuamini, na mimi na mume wangu Edmund tukaapa fedha yote ni ya mabati, maana kuta za nyumba yetu ya tofali zimesimama wazi na mvua inakaribia. Basi akaja Xaveri, mwenye duka mjini, na redio kaseti kubwa ya spika mbili, taa zinawaka nyekundu na kijani, akasema, "Sitaki hela sasa, kaeni nayo tu, msipoipenda nitaichukua." Mama yangu! Siku hiyohiyo nikaitandikia kitambaa nilichofuma mwenyewe, watoto wakaiita Bibi Harusi, majirani wakajaa, akina mama tukacheza ngoma yetu ya kioda mpaka vumbi likatimka, na watu waliokuwa wakinipita bila salamu sasa wananiita Mama Redio! Nilipozinduka nikaibeba kwenda kuirudisha, lakini pale kaunta mikono ikagoma kuiachia, machozi yakanitoka kama niko msibani, Xaveri akacheka, "Si yako hiyo, mama?" nami nikarudi nayo nikiimba njia nzima! Edmund kanipokea kwa shangwe, anasema mabati yasubiri mavuno mengine. Je, nimerogwa, au tuinunue tu?

Hildegardi, Kitura

Marahaba, Hildegardi. Hukurogwa, mwanangu, ila umechezewa, na nimecheka mpaka nikafuta miwani.

Ubongo wa binadamu haungoji risiti. Kitu kikishalala kwako, ukakipa kitambaa na jina, ubongo unakihesabu ni chako, na kukirudisha kunaonekana ni kuporwa. Bei ambayo dukani ungeiita wizi, sasa unaiona nafuu kuliko uchungu wa kuachana nacho. Xaveri anajua hayo, ndiyo maana hakutaka hela! Mabati masikini hayana wa kuyatetea. Yako mjini, hayajakuchezesha hata siku moja.

Nawe Edmund, ukisomewa hapa: mavuno mengine yapi? Nani amekuahidi bei hii mwakani? Soko huria halina mkataba na wewe. Aibu, baba!

Sikukatazi kufurahi, Hildegardi. Umevuna, cheza. Lakini Ijumaa toeni kaseti, ondoeni kitambaa, fungeni redio kwenye boksi, na msiirudishe nyinyi. Mpeni airudishe mtu ambaye hajawahi kucheza muziki wake. Mikono yake haitagoma.

Kisha nendeni wawili mkanunue bati moja, moja tu kwa kuanzia. Lipigilieni juu ya chumba cha watoto, mkae chini yake. Mvua ya kwanza ikiligonga, Edmund mwenyewe atakimbia mjini kufuata yaliyobaki.